Usimwambie mtu "yasahau tu"

Katika maneno tunayowapa waliofikwa na balaa, "yasahau tu" ndiyo ninayoyachukia zaidi. Tunayasema kana kwamba mtu akiamua kusahau, anasahau. Seli za ubongo hazina tabia hiyo.

Chukua mlipuko wa ubalozi wa Marekani pale Moi Avenue, Nairobi, Ijumaa ya 7 Agosti 1998. Kilitangulia kishindo kidogo, waliokuwa kwenye ofisi za jirani wakaenda madirishani kuchungulia, ndipo bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawarukia usoni. Wengi waliumia macho. Wakati moyo wa aliyenusurika ukienda mbio, tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zikimwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, na ndani ya ubongo noradrenalini, kemikali ya jamii hiyohiyo, ikaifikia amigdala, fungu dogo la seli lenye umbo la lozi. Amigdala ikisisimka, huzihimiza seli za hipokampasi, zinazoshika mahali na mpangilio wa tukio, ziimarishe miunganiko yao. Chakula cha juzi umekisahau. Kishindo kile hakitoki.

Mwaka 1994 watafiti wa kumbukumbu Larry Cahill, James McGaugh na wenzao waliwapa watu propranolol, dawa ya presha inayozuia kazi ya adrenalini, kisha wakawasimulia kisa cha mtoto aliyegongwa na gari. Baada ya wiki, waliomeza kidonge bandia walikumbuka zaidi sehemu ya kuhuzunisha. Waliomeza dawa hawakuonyesha tofauti hiyo.

Kinachonishangaza zaidi ni uchache wa seli zinazohusika. Mwaka 2009 maabara ya Sheena Josselyn huko Toronto iliua sehemu tu ya seli za amigdala za panya, zile zilizobeba kumbukumbu ya hofu, na hofu ikatoweka. (Asije mtu akaniuliza dawa hiyo inauzwa wapi. Wale walikuwa panya waliobadilishwa vinasaba.)

Kwa binadamu njia ni ndefu zaidi. Anayerudia taratibu, akiwa salama, kile kilichomtisha, sehemu ya mbele ya ubongo wake hujifunza kuituliza amigdala. Lakini kumbukumbu ya kwanza haifutiki, imefunikwa tu na ya pili. Ndiyo maana hofu inaweza kurudi ghafla baada ya miaka, na anayerudiwa nayo wala hajapungukiwa na imani, kama wengine wanavyopenda kumhubiria. Mimi ningependa tuache mahubiri hayo, na siku atakayotaka kupita tena Moi Avenue, apate mtu wa kufuatana naye.