Tertullian hakuwasemea Wakristo wote

Kuna mwandishi anayedai kuwa Wakristo wa karne za mwanzo waliikataa kabisa falsafa ya Wagiriki, na ushahidi wake ni lile swali la Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo wa karibu mwaka 200: Athene na Yerusalemu, yaani falsafa na imani, vina uhusiano gani? Sikubali hata kidogo. Justin Mfiadini, aliyeuawa Roma karibu mwaka 165, alipitia kwa Wastoa, kundi la wanafalsafa wa Kigiriki, na kwa wafuasi wa mwanafalsafa Plato kabla ya kuongoka, na hata baada ya hapo aliendelea kuvaa joho la mwanafalsafa. Aliandika kwamba walioishi kwa kulifuata Neno (kwa Kigiriki logos), akiwemo Socrates, mwanafalsafa Mgiriki aliyeishi kabla ya Kristo, walikuwa Wakristo. Sisi tukisoma “Hapo mwanzo kulikuwako Neno” tunafikiria neno la kutamkwa tu, kumbe logos ya Kigiriki ni akili pia, ileile ambayo Wastoa walisema inauendesha ulimwengu. Clement wa Aleksandria, mwalimu Mkristo wa zama hizo, naye aliona falsafa iliwalea Wagiriki kama Torati ilivyowalea Wayahudi. Na Tertullian mwenyewe, anapofundisha kuwa roho ya mtu ina umbo la mwili, hoja amezichota kwa Wastoa haohao! Mliosoma seminari, huko kwenu Justin alifundishwa, au ni Tertullian tu?