Shemeji Kanipandisha Boti

Shemeji akinipigia simu tena, mwambieni nimesafiri. Nchi kavu.

Mimi mtoto wa Pangani, bahari naijua. Sasa naishi Birmingham, Uingereza, mji ambao wenyewe wanatamba una mifereji mingi kuliko Venice. Basi shemeji kakodi boti, wiki nzima. Boti gani! Ni ushoroba unaoelea: urefu mita 17, upana mita 2. Mmoja akitaka choo, familia nzima inajibana ukutani.

Mto Severn, sikatai, ulikuwa raha. Tulipokata Worcester kuingia mferejini ndipo nikajua nimeitiwa kibarua. Kutoka pale hadi Birmingham kuna milango ya maji 58, yaani vyumba vya kuinulia boti. Hamsini na nane! Pale Tardebigge peke yake 30, imepangana kama ngazi, tangu 1815. Unashuka na kishikio cha chuma, unazungusha maji yaingie chumbani, boti inapanda taratibu, kisha unasukuma lango kwa makalio. Makalio ya nani? Yangu. Shemeji kashika kana, mpini wa usukani, kavaa kofia ya nahodha: "Shem, sukuma, unaweza!"

Na mwendo wenyewe ruksa ni kilomita 6 na ushee kwa saa. Kuna bibi alikuwa anatembeza mbwa kando ya maji. Katupita. Mbwa akasimama kukojoa kwenye mti, akamaliza, akatupita tena.

Ningekoma hapo, lakini bwana mkubwa akataka kwenda hadi Walsall, mji jirani, eti tukaone historia. Zamani yalipita makaa ya mawe na chuma. Viwanda vimekwenda zao, uchafu umebaki kulinda mali. Ghafla injini ikakoroma, ikatetema, kimya. Nyuma kuna kifuniko, ukifungua unazamisha mkono hadi kwenye rafadha. Mkono wa nani tena? Nikavuta foronya, waya, mfuko wa nailoni, na suruali nzima yenye mkanda. Chini kabisa, toroli la supamaketi.

Nainua kichwa, naona nazi inaelea. Nazi! Walsall! Nikajinyoosha niikamate, wali upate tui. Mke wangu akanipiga kofi la mkono: "Acha! Hiyo sadaka ya Wahindu, wanatosa hapa, mto wao mtakatifu Ganges uko mbali."

Nikaketi na njaa yangu, tui nalitazama. Upepo ukavuma kidogo.

Nazi ikatupita.