Cantus ya Arvo Pärt kwa wapiga fidla wa Iringa na Mbeya: nyepesi mno, au nzito mno?

Kila likitajwa wazo la kikundi cha ala za nyuzi (fidla na jamaa zake) cha Iringa au Mbeya kupiga Cantus in Memoriam Benjamin Britten, kazi ya mwaka 1977 ya Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia, ya kumkumbuka mtunzi Mwingereza Britten, hutolewa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba hiyo ni ngazi ya noti tu inayoshuka, mwanafunzi hapati kitu. Ya pili ni kwamba besi, zile ala kubwa za nyuzi zenye sauti nzito kuliko zote, hazipo. Ugeni wa muziki wenyewe hauna uzito, maana nyuzi si ngeni Iringa. Wahehe wana ligombo, ala yao ya nyuzi.

Hoja ya kwanza inamdharau mwanakwaya. Ni kweli, aliyekulia kwenye sol-fa (do, re, mi) anaisoma papo hapo: la, la so, la so fa. Kila mteremko unarudi juu na kuongeza noti moja, na mstari wa pembeni una la, do na mi basi. Kazi iko kwenye mapigo. Fidla za kwanza hushika noti kwa mapigo 2 kisha 1. Fidla za pili 4 na 2, viola (kubwa kidogo kuliko fidla) 8 na 4, selo (kubwa zaidi) 16 na 8, besi 32 na 16. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, noti ndefu ya besi inakaa sekunde 16, na kuelekea mwisho wote wanapiga kwa nguvu zote. Upinde mmoja haufiki. Lazima wapokezane, na wawili wakigeuza pamoja, pengo linasikika hadi mlangoni. Fidla za kwanza nazo hazikosei vidole. Zinasahau ziko mteremko wa ngapi. Dawa ni penseli: kila mteremko uandikwe namba yake. Lakini kushika sauti yako huku soprano wanakimbia, hilo kwaya zetu zimeshafundisha.

Kengele inayopigwa pamoja na nyuzi katika kazi hii ndiyo hunishughulisha zaidi. Inatakiwa iwe la ileile ya nyuzi, na ya kanisani haikutengenezwa kwa kipimo hicho. Ikiwa chini kidogo, nyuzi zinashushwa kuifuata. Ikiwa juu, usijaribu: uzi mwembamba wa fidla unaweza kukatika. Baridi kavu ya Juni na Julai vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza, kwa hiyo tuni ndani ya ukumbi, tena baada ya watu kujaa.

Hoja ya besi ina haki yake. Mistari ni tisa, kwa kuwa kila kundi hugawanyika mara mbili isipokuwa viola. Ili upinde upokezane chini kule, zinahitajika besi nne, na besi moja inamaliza nafasi ya Noah nzima. Zisipotimia, kikundi kipige kitu kingine mwaka huo. Kinanda cha umeme kisizibe pengo, kwa sababu hakigeuzi upinde, na ule mkwaruzo wa kugeuza kwa zamu ni sehemu ya uzito wa kazi yenyewe.