Kifaru Kikistaafu, Nani Akitunze?

Julai 2015, polisi wa Ujerumani waliingia katika nyumba ya mzee mmoja huko Heikendorf, karibu na mji wa Kiel, wakakuta chini ya nyumba kifaru aina ya Panther cha Vita Kuu ya Pili, mzinga wa kutungulia ndege wa milimita 88, na torpido. Jeshi liliitwa na mitambo yake ya kuvutia vifaru, na kukitoa tu kukala saa tisa hivi. Wenyeji hata hawakushangaa sana. Meya alisema mzee huyo aliwahi kuonekana akirandaranda na kifaru chake wakati wa theluji kubwa ya 1978. Kesi ilifika hukumu mwaka 2021: kifungo cha nje cha miezi 14, kulipa euro 250,000, na agizo kwamba kifaru na mzinga viuzwe ndani ya miaka miwili kwa jumba la makumbusho au kwa mkusanyaji.

Kwa mkusanyaji. Yaani mahakama iliyomtia mtu hatiani kwa kumiliki silaha za kivita haikuona ubaya kifaru kilekile kikae kwa raia mwingine, mradi taratibu zifuatwe. Naona ilikuwa sahihi, ingawa wanaoipinga hobi hii ya kukusanya magari ya kivita yaliyostaafu wana hoja ambazo wapenzi wake huzipuuza haraka mno.

Hoja inayosikika zaidi ni ya usalama, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mfano wake wa kila siku ni San Diego, Marekani, Mei 1995, ambako kifaru aina ya M60 kiliponda magari na nguzo mitaani kwa zaidi ya dakika 20, mpaka kilipokwama kwenye kizuizi cha katikati ya barabara kuu na polisi wakampiga dereva risasi. Lakini kifaru hicho kiliibwa kwenye kituo cha Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba. Kilikuwa mali ya serikali, chini ya ulinzi wa serikali. Vilivyo kwa raia kwa kawaida mizinga yake imekatwa, kutobolewa au kuzibwa kwa chuma na kuchomelewa. Marekani, ambako mzinga unaofanya kazi unaweza kumilikiwa, sheria ya 1934 ilivyopanuliwa mwaka 1968 inataka usajiliwe na serikali kuu, na kila kombora la kulipuka lisajiliwe peke yake. Mhalifu hana subira ya kujaza fomu hizo, na ana njia rahisi zaidi za kufanya uovu wake.

Hapo wapenzi wa magari haya hushangilia na kusema: basi ni vyuma tu. La hasha. Novemba 2022, taasisi ya Serhiy Prytula nchini Ukraine ilichangisha zaidi ya hryvnia milioni 200 kwa siku chache, ikanunua magari ya deraya 101 yenye asili ya Uingereza, ya familia ya Spartan, ambayo yalianza kazi miaka ya 1970 na jeshi la Uingereza lilikuwa limeshayauza. Yakapelekwa vitani. Gari lililotolewa mzinga bado linazuia risasi, bado linapita kwenye matope, bado linabeba askari. Ndiyo maana Uingereza hudai kibali cha kuyauza nje ya nchi, jambo ambalo wakusanyaji hulalamikia kama urasimu. Mimi silalamiki nao. Chombo kinachoweza kurudi vitani baada ya nusu karne kinastahili karatasi zake zijulikane zilipo.

Karatasi hizo zina faida hata kwa mwenye gari. Mwaka 2017 mkusanyaji mmoja wa Uingereza alikuwa akikarabati kifaru kilichowahi kuwa cha Iraq, akakuta risasi za bunduki ndani yake. Akaamua kulifungua tangi la mafuta huku akirekodi video, akihofia kukuta silaha na kutaka ushahidi. Akatoa vipande vitano vya dhahabu. Vilikabidhiwa polisi. Habari ikachukuliwa kama kichekesho, lakini mimi nilichokiona ni kifaru kilichopita mikono kadhaa bila mtu kujua kimebeba nini tumboni.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe, maana hapa ndipo pande zote mbili hukosea. Chukua Ferret, gari dogo la upelelezi la magurudumu manne lililotengenezwa na Daimler kati ya 1952 na 1971, zaidi ya 4,400. Lina uzito wa tani nne hivi, injini ya petroli ya Rolls-Royce, na gia tano za mbele ambazo zote zatumika kwa kurudi nyuma pia. Mgeni huona gari rahisi la kuanzia. Kumbe lina difu moja tu katikati, inayogawa nguvu kulia na kushoto. Gurudumu la mbele na la nyuma la upande mmoja yamefungwa pamoja kwa shafti, yazunguke sawa, yatake yasitake. Kwenye tope hakuna shida, gurudumu huteleza kidogo na mambo yakaisha. Kwenye lami kavu haliwezi kuteleza. Tairi la mbele likiwa limelika kuliko la nyuma, kila kilomita shafti hujipinda zaidi, mpaka gari linakuwa zito kana kwamba breki zimeng'ang'ania, na joto linapanda kwenye viungo na giaboksi ndogo za magurudumu. Anayelijua gari atatafuta ardhi mbovu akalipitishe lifunguke, na atahakikisha matairi yote manne yamelika sawasawa. Asiyejua atavunja kitu ambacho spea yake haiuzwi dukani.

Halafu kuna ile pedali ya gia. Dereva anachagua gia kwanza kwa mkono, kisha anakanyaga kwa mguu wa kushoto ndipo giaboksi ibadilishe. Ikiwa imerekebishwa vibaya, au dereva akiikanyaga nusunusu, pedali hurudi kwa nguvu inayoweza kumuumiza mguu. Saracen, gari la magurudumu sita la kubebea askari, lina mfumo huohuo. Ongeza breki na gasketi za zamani zenye asbesto, na saa za dashibodi za enzi za vita zilizopakwa radiamu ili zing'ae gizani, madini ambayo huchukua miaka 1,600 nguvu yake kupungua kwa nusu. Mtu anazifungua, anapiga msasa, anapuliza vumbi. Hatari kubwa ya hobi hii iko kwenye mapafu ya fundi na kwenye barabara ambako dereva haoni kilicho ubavuni mwake. Sheria inayohangaika na mzinga uliozibwa huku ikisahau breki za gari la tani 15 imeelekeza jicho pasipo.

Lipo pingamizi lisilo la kiufundi, nami siwezi kulipangua. Machi 21, 1960, polisi waliomimina risasi Sharpeville, Afrika Kusini, na kuua watu 69 kwa hesabu rasmi, walikuwa na Saracen. Kwa aliyekuwepo, kumwona Saracen akibeba watoto kwenye tamasha si burudani. Jibu la kwamba kutunza si kusifu ni la kweli, lakini ni kweli kwa yule tu anayeeleza gari lilifanya nini. Wengi hueleza nguvu za injini na unene wa chuma, wakaishia hapo.

Pamoja na hayo yote, nasimama na wakusanyaji, kwa sababu ya ufundi. Jumba la makumbusho laweza kusimamisha kifaru kwenye sakafu kikaoza polepole. Kukifanya kitembee kunahitaji mtu atakayechonga upya kipande ambacho kiwanda chake kilifungwa zamani. Jacques Littlefield, huko California, alikusanya magari zaidi ya 200 na kumfufua Panther aliyeopolewa mtoni Poland. Alifariki mwaka 2009. Mkusanyiko ukapewa taasisi ya Collings, na Julai 2014 sehemu kubwa ikapigwa mnada ili kupata fedha za jumba la makumbusho, lililofunguliwa Massachusetts mwaka 2019, Panther akiwa ndani.

Huyo alikuwa tajiri, na alikuwa amekwisha kuunda taasisi ya kuyalea. Mkusanyaji wa kawaida anaacha chombo cha tani 15 kilichofunguliwa injini, na familia isiyojua hata trela la kukibeba litatoka wapi. Nchi zinazotaka kuongeza masharti zingeanzia hapo: fomu ya usajili imtaje, siku ile ya kununua, atakayekipokea mmiliki akifa, na huyo aliyetajwa aweke saini.