Sufuria Huazimwa, Bunduki Haiazimwi

Mjomba wangu analima mahindi na mihogo upande wa Muheza, na ana bunduki mbili zenye leseni. Moja ni ya marisau, ya kuwakabili ngedere na nguruwe. Nyingine ni ya risasi kubwa, aliyoinunua enzi za kuwinda kwa kibali. Hivi karibuni alitwambia anataka kuomba ya tatu, bastola ya kuweka nyumbani. Mkewe akamuuliza, "Hizo mbili zimeshindwa nini?" Mjomba akanyamaza, na mimi nimekaa na swali hilo tangu siku ile.

Hoja ya mjomba si ya kupuuzwa. Kila kazi ina chombo chake. Seremala hana msumeno mmoja, na mvuvi wa hapa Tanga ana mshipi, ana jarife, ana madema, wala hakuna anayemuuliza vinamtosha vingapi. Marisau hayamwangushi nyati, na risasi ya kumwangusha nyati ukiifyatua sebuleni itapenya ukuta na kumkuta jirani. Aliyelala kwenye dungu usiku kucha akilinda mahindi, akaamka kukuta nguruwe wamefyeka ekari nzima, hawezi kuambiwa kwamba bunduki ni pambo. Kwa hiyo ukihesabu tu silaha za mtu bila kujua anazifanyia nini, hujajua kitu.

Marekani hoja hiyo imefikishwa mwisho wake. Sheria ya taifa haimwekei raia kikomo cha idadi, na watafiti wa Small Arms Survey, taasisi inayochunguza silaha, walikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa nchi hiyo walikuwa na bunduki milioni 393, yaani takriban 120 kwa kila watu 100. Huko mtu anaweza kuwa na kabati zima la bunduki akalieleza kama mwingine anavyoeleza mkusanyiko wake wa saa. Kwetu, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mwombaji lazima awe ametimiza miaka 25 na aeleze sababu ya kuhitaji silaha. Mimi naona sheria yetu imeanzia mahali sahihi, pale pale alipoanzia mke wa mjomba.

Lakini kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanaosema vitu vyote vipunguzwe, mtu abaki na vichache. Hao siwafuati. Shangazi yangu, anayekaa Ngamiani, Tanga mjini, ana sufuria kubwa saba na masinia yasiyo idadi. Kwa mlo wa nyumba yake anahitaji sufuria mbili. Hizo nyingine hazikai: leo ziko kwenye harusi, kesho msibani, keshokutwa maulidi. Kanga zake zimejaa kasha, na kila mwaka doti kadhaa humtoka kwa bibi harusi, kwa mzazi, kwa mfiwa. Ukimpunguzia shangazi vitu umeupunguzia mtaa mzima. Ziada yake ndiyo akiba yetu.

Watu wa pwani tulikwisha kuwa na namna ya kupima jambo hili. Katika madhehebu ya Shafii, dhahabu ambayo mwanamke anaivaa kwa pambo halali haitolewi zaka. Ikizidi kiasi cha kawaida hata ikawa israfu, zaka inawajibika. Hapakutajwa idadi ya bangili. Kilichoangaliwa ni matumizi, na desturi ya watu anaoishi nao. Kipimo hicho kinanivutia kwa sababu kinamtazama mtu na jirani zake kwa pamoja.

Sasa kiweke kwenye bunduki. Bunduki ya ziada haiendi harusini. Leseni ni ya mtu mmoja, huwezi kumwazima jirani hata kama nyani wamo shambani mwake. Mwenyewe akifa, watoto hawarithi leseni pamoja na chuma. Inabaki ndani inangoja, na wanaoijua ni mwenye nyumba, mtoto mdadisi na mwizi aliyeambiwa. Sufuria ikiibwa, hasara ni ya shangazi. Bunduki ikiibwa, hasara inaweza kuwa ya mtu asiyemjua hata mjomba.

Mkoa huu umewahi kuonja pia bunduki zinazozidi haja. Mfalme Kimweri ye Nyumbai aliitawala Usambaa, nchi ya Wasambaa, akiwa Vuga, juu milimani, na utawala wake ulisimama juu ya imani kwamba yeye huleta mvua, na juu ya kodi ya mazao. Alipofariki mwaka 1862 kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa Mazinde, chini kwenye tambarare, ukishapita Mombo kwa njia ya Moshi, palipopita misafara ya bonde la Pangani. Bunduki na baruti zikamfikia yeye kwanza. Akamwondoa Shekulwavu, mtoto wa kaka yake, kutoka Vuga. Vita vilivyofuata viliwapeleka Wasambaa wengi utumwani kupitia bandari ya Pangani, na waliouzwa walinunuliwa kwa bidhaa, bunduki zikiwamo, zilizoleta vita vingine. Aliyekuwa na moja alihitaji ya pili kwa sababu jirani naye amepata.

Ndiyo maana bastola ya mjomba inanitia wasiwasi kuliko zile mbili. Ya marisau ina adui anayejulikana, na kila msimu inafanya kazi. Bastola inaombwa kwa ajili ya hofu, na hofu haina msimu wa kuisha. Nilimwambia hivyo, nikaongeza ambalo hakulitarajia: hata ile ya risasi kubwa aipeleke polisi au aiuze kwa utaratibu, maana kuwinda aliacha na nyati hawaji Muheza. Yake ni moja.

Hajanijibu. Bunduki zote mbili zimo ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda, na ufunguo ameufunga kwa kamba shingoni. Ijumaa nilimwona akitia udhu msikitini, mkono mmoja umeushika usilowe.