Mfumo hunasa kwa dakika, huachia lini?

Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilifungua akaunti zaidi ya 100 za TikTok zilizoendeshwa na roboti, yaani programu za kompyuta zinazojifanya watazamaji. Kila roboti ilipangiwa mambo inayoyapenda, lakini haikuyaandika popote. Ilikawia tu kwenye video fulani, au ikairudia. Mfumo wa TikTok wa kupendekeza video uliyajua mapendeleo ya akaunti nyingi kabla ya saa 2 kwisha, na mengine chini ya dakika 40. Roboti moja iliyokawia kwenye video za huzuni ilifikia mahali ikawa inaletewa karibu huzuni tupu.

TikTok ilijibu kwamba roboti si mtu, kwani binadamu hupenda mambo mengi. Hoja hiyo ina uzito. Mtu huanza na mpira, akahamia mapishi, mtoto akamnyang'anya simu, mwishowe usingizi ukampitia video ikijirudia yenyewe. Roboti haina vurugu hizo. Kwa hiyo dakika 40 zinaonyesha kasi ya mfumo unapopewa ishara safi, wala si lazima iwe kasi hiyohiyo kwako au kwangu.

Wahandisi wana vipimo vya ndani vilivyo makini zaidi. Watafiti wa Yahoo, mwaka 2010, walipima mbinu ya kuchagulia wasomaji habari kwa rekodi zaidi ya milioni 33. Tatizo lao lilikuwa zito: kila habari unayoonyeshwa ili mfumo ukujue huenda ikawa nafasi iliyopotea. Mbinu yao ilileta mibofyo 12.5% zaidi ya mbinu isiyojali msomaji ni nani. Ni kazi nzuri, ila kilichohesabiwa ni mbofyo, na mbofyo ni kipimo cha mwenye duka. Msomaji hakuulizwa kama aliondoka ameridhika.

Kinachonisumbua zaidi ni upande wa pili wa kasi: kuacha. Mwaka 2022 Mozilla, shirika lenye kivinjari cha Firefox, ilichunguza vitufe vya YouTube kwa msaada wa watu zaidi ya 20,000 waliojitolea. Kitufe cha kusema video haikuvutii kilizuia 11% tu ya mapendekezo yasiyotakiwa; kile cha kukataa chaneli nzima, 43%. YouTube ilijitetea kwamba vitufe hivyo haviondoi mada nzima kwa makusudi, mtu asije akafungiwa ndani ya mawazo yake mwenyewe. Nakubali hatari hiyo ipo. Lakini mfumo unaotosheka na kukawia kwako sekunde chache ili ukujue, kisha ukasitasita unaposema waziwazi hutaki, haupimi ishara hizo mbili kwa mizani moja.

Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inawapa watafiti walioidhinishwa njia ya kuomba data za majukwaa makubwa sana. Ningependa waanzie hapa: wachukue akaunti iliyokwisha kunaswa na huzuni, waseme "sitaki", kisha wahesabu ni video ngapi zitapita kabla huzuni haijashuka hadi kiwango cha siku ya kwanza.