Wachimbe, lakini ndege wahesabiwe kwanza

Tangu kampuni ya RAK Gas wasaini mkataba wa kitalu cha mafuta na gesi cha Pemba-Zanzibar mwaka 2018, kisha 2024 serikali ikanadi vitalu vyengine baharini, kila baraza ni hesabu za pesa tu. Na sikatai, vijana wa Pemba wanamaliza skuli wanapanda boti kwenda Dar au wanasaka viza ya Oman, mtu kama huyo ukimwambia asubiri kwa ajili ya ndege atakuona umerukwa akili.

Lakini jamani nendeni ufukweni bamvua la mwezi wa 11, maji yakishatoka. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa pwani, wanakimbizana kwenye tope, sululu na mdomo wake uliopinda anamvuta kaa shimoni, na baadhi ya vitwitwi hao wanatoka Siberia huko, wanakuja kushiba kwetu mpaka Aprili ndo wapate nguvu za kurudi kuzaa. Tope hilo hilo ndo mama zetu wanachokoa chaza. Mafuta yakiingia pale minyoo na kaa wanakufa, ile mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza juu kuvuta pumzi inazibwa, na ndege akishapakaa manyoya hayazuii maji tena, baridi inamuingia, akijisafisha kwa mdomo anameza sumu. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska 1989, ndege wa baharini waliokufa wanakadiriwa kufika laki mbili na nusu.

Wanaotaka uchimbaji nao wana hoja nzito. Wakashio, meli iliyopanda mwamba Mauritius Julai 2020 ikamwaga kama tani 1,000, haikuwa na uhusiano wowote na visima, ilikuwa meli ya mizigo na yale ni mafuta ya injini yake mwenyewe. Yaani hata tusipochimba hatari inapita mbele yetu kila siku. Na ikipatikana gesi badala ya mafuta, tope haligeuki jeusi, ingawa moto wa kuchomea gesi usiku unawavuta ndege wanaosafiri gizani.

Mimi nasema wachimbe, ila wahesabu ndege kwanza. Rufiji-Mafia-Kilwa imo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, tangu 2004, Unguja na Pemba hatuna hata eneo moja. Bila hesabu ya misimu kadhaa kabla ya kisima cha kwanza, siku yakimwagika kampuni itasema ndege walikuwa kidogo tangu zamani, na nani atabisha? Halafu kazi nzito za karibu na pwani ziwekwe Mei mpaka Julai, wengi wao wanakuwa washaondoka. Najua kusi linavuma wakati huo, bahari chafu na gharama zitapanda, bas gharama hizo ziandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo zisije zikawa za kuombwa baadae.